Mandhari ninayo, wahusika ninao, matukio ninayo: mbona hadithi haipo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi fupi ya mama anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye mabasi pale Chalinze. Ukurasa wa kwanza nimeeleza stendi ilivyo. Wa pili nimemweleza Mama Rehema mwenyewe: mjane, ana watoto watatu, mcha Mungu, mvumilivu, mwenye upendo. Kisha yanakuja matukio: mtoto anaugua, pesa hakuna, mama analia, mwishowe abiria tajiri anamwonea huruma na kumpa pesa za matibabu. Rafiki yangu ameisoma akaniambia, "Umeandika vizuri, ila sijaona hadithi." Shuleni tulifundishwa mandhari, wahusika na msuko (yaani mpangilio wa matukio), na vyote nimeviweka. Nimekosea wapi? Na je, jina "Maisha ni Safari" linafaa? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Marahaba. Kwanza mshukuru rafiki yako. Wengi wakipewa hadithi na mtu wao wa karibu husema "nzuri sana" wakaendelea na shughuli zao, mwandishi akabaki na kosa lake kabatini. Huyu amesoma mpaka mwisho na akasema alichokiona. Na amesema kweli. Vitu vyote vitatu umeviweka, lakini umeviweka kwa zamu: ukurasa wa mahali, ukurasa wa mtu, kisha kurasa za matukio, kila kimoja kinamngoja mwenzake amalize ndipo kiingie.

Chanzo chake ni darasani. Kule tunachambua kazi iliyokwisha kuandikwa, na mwalimu hana budi kuikata: fani (namna ilivyosemwa) huku, maudhui (kinachosemwa) kule, na ndani ya fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ukivitaja kwenye mtihani na mifano yake unapata alama. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ila mwenye bucha anajua paja lilipo na figo ilipo kwa sababu mbuzi ameshachinjwa. Mbuzi mwenyewe hakuzaliwa vipande. Anayeandika anahitaji swali jingine: mahali hapa panamzuia nini mtu wangu, na yeye, kwa jinsi alivyo, atafanyaje? Ukilijibu hilo, mandhari, mhusika na msuko vinakuja kwa pamoja. Usipolijibu, hata ukiwa na lugha tamu kiasi gani, utaambiwa hivyohivyo ulivyoambiwa.

Hebu tulijaribu swali hilo kwenye hadithi yako, maana umechagua mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Mstari wako wa kwanza unasema: "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi, jua lilikuwa limechomoza na watu wengi walikuwa wakipita huku na kule katika stendi ya Chalinze." Ondoa neno Chalinze, weka Makambako. Weka Korogwe. Weka Mtito Andei kule Kenya. Hakuna kitakachoharibika, na hapo ndipo pa kuanza kuwa na wasiwasi. Jua huchomoza kila mahali. (Ukweli ni kwamba jua, ndege wanaoimba na upepo mwanana wamefungua insha nyingi mno Afrika Mashariki. Tuwape likizo.)

Sasa jiulize Chalinze ina nini. Barabara inayotoka Dar es Salaam inagawanyika pale: moja inashika Morogoro kwenda Dodoma, Iringa na Mbeya, nyingine inakwenda Segera na kuendelea hadi Tanga, Moshi na Arusha. Mabasi yanasimama kidogo tu. Biashara inafanyika dirishani, abiria yuko juu na muuzaji yuko chini, sinia limeinuliwa, mkono mmoja unatoa mayai na mwingine unapokea pesa. Dereva hana muda wa kuuliza kama mmeshalipana. Gari likiondoka, kisichokamilika kinabaki hivyo: mayai yaliyotoka bila kulipiwa, au noti iliyopokelewa bila kurudisha chenji. Halafu kuna hili ambalo mgeni halioni ila muuzaji analijua sana: basi lililopanda leo litashuka kesho au keshokutwa, na konda yuleyule mlangoni.

Hayo yote ni masharti ya mahali, na kila sharti ni mgogoro unaomngoja mtu. Hukuhitaji kumleta tajiri kutoka nje. Abiria anatoa noti ya elfu kumi kununua mayai mawili ya mia tano mia tano. Basi linaondoka kabla ya chenji. Mama Rehema amesimama barabarani na shilingi elfu tisa za mtu asiyemjua, na nyumbani kuna mtoto ambaye dawa yake ni elfu nane. Sijaongeza kitu ambacho hakimo katika hadithi yako. Nimeacha tu stendi ifanye kazi yake.

Tumtazame mama mwenyewe. Mjane, mcha Mungu, mvumilivu, mwenye upendo: hizo ni sifa zinazosomwa msibani, kwenye wasifu wa marehemu. Hakuna anayebishana nazo na hakuna anayezikumbuka baada ya wiki. Ubaya wake ni kwamba zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo hazimpi mama sababu ya kusitasita. Mtu mwema aliyepewa nafasi ya kutenda wema atautenda, na sisi tutapiga miayo. Mhusika anaanza kupumua pale mambo mawili anayoyataka, yote mawili ya haki, yanapokataa kukaa pamoja. Mama huyu anaogopa kula haki ya mtu. Mama huyuhuyu anataka mtoto wake apone. Hadi jana mambo hayo mawili yaliishi ndani yake bila kugombana. Lile basi ndilo lililoyagombanisha.

Na hatuhitaji kuambiwa kwamba anasitasita. Tunahitaji kuiona miguu yake. Nimekuandikia aya moja ya mfano. Usiichukue, andika yako:

"Mkono ulitoka dirisha la nne na msimbazi, noti ya elfu kumi. 'Mawili, mama, na pilipili kidogo.' Mama Rehema alimenya, akapasua, akatia kachumbari, akainua. Alikuwa anatafuta chenji kwenye mkoba wa kiunoni, vidole vikikutana na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne, konda alipogonga bodi. 'Chenji yako!' Alikimbia, sinia kichwani, noti ya elfu tano ameiuma mdomoni, elfu mbili mbili akizihesabu kwa vidole. Dirisha la nne lilimwacha, likaja la tano, la sita, kisha mgongo wa basi. Lilikuwa limeshika njia ya Segera na lilikuwa bado halijachanganya mwendo. Miguu yake ilipunguza kabla yeye hajaiambia. 'Limekuacha?' aliuliza muuza korosho. 'Limeniacha.' Aliitoa ile noti mdomoni, akaipangusa kwa pembe ya kanga."

Jaribu kukata kipande kinachoitwa mandhari hapo ukitoe peke yake. Madirisha yanayompita ni mahali, lakini pia ni saa inayokimbia, na pia ndiyo yanayotuonyesha kwamba alijitahidi kweli, angalau mwanzo. Karatasi ya daktari imebeba habari ya mtoto ambayo wewe uliiandikia aya tatu za machozi. Hakuna aliyesema dawa ni shilingi ngapi. Hilo utalitoa baadaye, kwa mtu mwingine, labda duka la dawa, na msomaji atapiga hesabu mwenyewe. Tena "halijachanganya mwendo" ni maneno mawili yanayomshtaki mama bila mwandishi kunyoosha kidole: angetaka, angelifikia. Na lile jibu lake kwa muuza korosho, "Limeniacha," lina ukweli na uongo kwa kiasi kilekile. Ukimpata mhusika anayesema sentensi ya namna hiyo, huhitaji ukurasa wa sifa.

Mpe muuza korosho nafasi kidogo. Hadithi fupi haibebi kijiji, lakini mtu wa pili ni muhimu, kwa kuwa mama hawezi kubishana na nafsi yake kurasa tano bila kuchosha. Huyu atamwambia, "Riziki yako hiyo, Mama Rehema, Mungu hapitii mlango mmoja." Mtu wa Pwani akisikia neno riziki likitumiwa hivyo, anajua ni faraja na ni mtego. Mama angejibu nini? Kama angesema "haki ya mtu haina riziki," hapo mgogoro umesemwa na watu wa mahali hapo, kwa maneno yao, wala mwandishi hakuhubiri. Watoto wengine wawili uliowataja sijawaona wakifanya chochote. Wapunguze.

Nakuja kwenye msuko, ambako ndiko ulikoumia zaidi.

Matukio yako yanafuatana, lakini moja halizai lingine. Mtoto anaugua, kisha pesa hakuna, kisha mama analia, kisha tajiri anatokea. Kati ya kila tukio na linalofuata ungeweza kuchomeka wiki nzima na hakuna ambaye angejua. Mbaya zaidi ni tajiri. Bahati mbaya ikimwingiza mtu matatani, msomaji anakubali, maana ndivyo dunia ilivyo. Bahati njema ikimtoa, msomaji anahisi amedhulumiwa, kwa sababu alikuwa anamngoja mama afanye jambo, na wewe ukalifanya kwa niaba yake. Malalamiko haya ni ya zamani mno. Aristotle aliyasema katika Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akiwakosoa watunzi wa tamthilia waliomshusha mungu jukwaani kwa mashine ili amalize mambo yaliyowashinda wao. Tajiri wako ameshushwa kwa mashine hiyohiyo, tofauti ni kwamba amekaa siti ya dirishani.

Badala yake, kila tendo la mama limfungie njia ya kurudi nyuma. Jioni anapita duka la dawa. Hapa una hiari. Akinunua, elfu nane katika zile elfu tisa za watu zimekwisha kuwa chupa ya dawa, na chupa ikishafunguliwa hairudishwi. Asiponunua, usiku ule mtoto atakohoa na yeye atakuwa amelala na pesa chini ya mto. Mimi ningechagua anunue, lakini si lazima unisikilize. Muhimu ni kwamba uamuzi wa jioni ndio unaolifanya basi la kesho yake kuwa la kutisha. Siku zote alikuwa analikimbilia basi. Kesho atalisikia honi yake akajifanya anafunga kamba ya ndoo. Konda atatoa kichwa mlangoni: "We mama! Wa mayai! Kuna abiria wangu wa jana…" Na sentensi haijaisha, tayari tumeshika roho mkononi. Hakuna mtu aliyekufa, hakuna ajali, hakuna jambazi. Ni basi lililofanya kile ambacho mabasi ya Chalinze hufanya kila siku, nalo ni kurudi.

Huenda utaniuliza: je, lazima pawe na matukio makubwa? Hapana, na kwa hili nitakupa mfano mmoja wa nje, kwa kuwa sijui ulio safi kuliko huo. Mwaka 1886 Anton Chekhov, Mrusi aliyekuwa daktari huku akiandika, alichapisha hadithi ya mzee Iona, dereva wa kigari cha kukodi kinachovutwa na farasi juu ya theluji katika jiji la St. Petersburg. Mwanawe amefariki wiki hiyo. Mzee hataki pesa wala msaada. Anataka mtu mmoja tu wa kumsimulia: mtoto aliugua vipi, alisema nini, alikufaje. Basi. Hiyo ndiyo haja yake yote.

Tazama mahali panavyomzuia. Dereva amekaa mbele, abiria wako nyuma yake, kwa hiyo kila akitaka kusema lazima ageuze shingo. Abiria amelipia kufika, hakulipia kusikiliza. Ofisa wa jeshi anauliza swali moja kisha anafumba macho. Vijana watatu wanamtukana na kumcheka, na mmoja anamjibu kwamba sote tutakufa. Mlinzi wa nyumba moja anamfukuza asiegeshe pale. Anarudi wanakolala madereva, kijana mwenzake anaamka kunywa maji, mzee anamwambia, kijana anajifunika kichwa na kulala. Mwishowe anakwenda zizini na kumsimulia farasi wake, ambaye anatafuna nyasi kavu kwa kuwa siku hiyo hawakupata hata pesa ya shayiri.

Matukio ni yaleyale yanayojirudia: anajaribu, anakataliwa. Lakini angalia mpangilio. Kutoka kwa ofisa hadi kwa mnyama, kila msikilizaji ana cheo kidogo kuliko aliyemtangulia, na kila tukishuka tunatarajia kwamba huyu sasa, mnyonge mwenzake, atamwelewa. Ndiyo maana kijana anapojifunika kichwa inauma kuliko dharau ya ofisa. Huo ni msuko, tena wa chuma. Na hauwezi kuhamishwa kutoka kwenye kile kigari: mhamishe Iona awe mwenye duka, mteja amesimama mbele yake ana kwa ana, na hadithi imevunjika. Dereva wa bodaboda, kwa upande mwingine, naye abiria anauona mgongo wake tu, tena upepo unapiga na kofia ngumu imeziba masikio. Hilo nakuachia kama kuna siku utalihitaji.

Mambo madogo nayapitia haraka. Muda: yako inaanza ujana wa Mama Rehema na kufika uzeeni, kurasa sita. Hadithi fupi inapenda muda mfupi. Mchana mmoja, usiku mmoja na asubuhi yake inakutosha kabisa. Kifo cha mume kisipate kisengere nyuma, yaani kurudi kusimulia yaliyopita, cha kurasa mbili. Kama ni lazima tujue, mkoba wa kiunoni ulikuwa wa marehemu alipokuwa konda, nusu sentensi, tumeelewa kwa nini anajua makonda wanavyogonga bodi. Nafsi: umeanza na "yeye" katikati ukaingia "mimi". Chagua moja. Ningebaki na "yeye", kwa sababu mama akisimulia mwenyewe itabidi akiri au adanganye kuhusu ile miguu, na sisi tunataka asijue vizuri. Lugha: konda wako anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Samahani mama, tunaondoka sasa" haijawahi kutoka kwenye kinywa cha konda yeyote wa njia ile. Nenda kasimame pale nusu saa, nunua korosho, sikiliza.

Ila mwisho siwezi kuupita haraka. Umemaliza kwa kusema kwamba "hakika mvumilivu hula mbivu." Najua ilikotoka. Tumezoeshwa kuandika insha inayooana na methali, na ikishaisha methali irudi ili msahihishaji aione. Kwa insha ni sawa. Kwa hadithi fupi ni kumwambia msomaji kwamba saa nzima aliyotumia ilikuwa ya kuthibitisha jambo alilolijua tangu darasa la nne. Tena methali yako haimfai mama huyu mpya: hakuvumilia, alifanya jambo, na jambo hilo lina pande mbili. Hadithi inaisha pale uamuzi wake wa mwisho unapofanyika, hata kama matokeo yake hayajulikani. Konda anasema abiria anadai chenji. Mama ana elfu tatu alizouza asubuhi. Anaweza kuzitoa zote. Anaweza kusema hamjui huyo abiria. Anaweza kuinua sinia zima dirishani na kumwambia konda, "Mpelekee haya, zilizobaki kesho." Chagua mojawapo, iandike kwa mikono na si kwa machozi, halafu simama. Mtoto akipona au asipopona, hilo si swali ambalo hadithi hii imeuliza.

Jina sasa. "Maisha ni Safari" liache. Linaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote, mahubiri yoyote na nyuma ya daladala yoyote. Tafuta kitu kilichomo ndani, kinachoshikika, ambacho msomaji akimaliza atakiona kwa jicho jingine. Mimi ningeiita "Chenji". Kama unaona ni jina la harakaharaka, "Dirisha la Nne" pia linafaa. Ukishaiandika upya, mpe kwanza rafiki yako yuleyule aliyesema hakuona hadithi, kisha niletee mimi.